Kutu Chini ya Rangi

Msafiri anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Marangu, Kibosho au Machame hukutana na magari ya umri wa kila namna: Land Rover zilizoundwa kabla madereva wake hawajazaliwa, Hiace na Noah zilizokwisha kutumika Japani, na malori yanayoteremsha ndizi kuzipeleka Dar es Salaam. Mengi ya magari hayo hung'aa kwa rangi mpya. Hata hivyo, mtu akiinama na kupitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa mlango, aghalabu atakuta vivimbe vidogo mithili ya malengelenge, na rangi ambayo haijamaliza hata masika moja inaanza kubanduka. Mwenye gari husema fundi ni mdanganyifu. Fundi naye husema rangi za siku hizi ni hafifu. Wote wawili wanakosea, na kosa lao lina gharama kubwa kuliko bei ya rangi, kwani chuma kinacholiwa chini ya rangi hiyo ndicho kinachobeba abiria kwenye miteremko ya mlima.

Ili kuelewa kwa nini rangi haiponyi kutu, hapana budi kwanza kujua kutu ni nini. Chuma hakipatikani ardhini kikiwa kitupu. Aghalabu kimeshikamana na oksijeni. Wahunzi wa Ugweno katika Upare ya Kaskazini, ambako ukoo wa Washana ulisifika kwa kazi hiyo, walikitoa chuma katika mchanga mweusi kwa nguvu ya makaa na mivukuto, na chuma chao kiliuzwa hata Uchagani. Kazi kubwa ya moto ule ilikuwa kuitenga oksijeni. Tangu siku chuma kinapotoka tanuruni, huwa na mwelekeo wa kurudi katika hali yake ya zamani, na maji pamoja na hewa ndiyo njia yake ya kurudia. Kutu ni chuma kilichokwisha kurudi: oksidi ya chuma iliyofungamana na maji, laini, yenye vinyweleo vingi, isiyo na nguvu ya kubeba kitu chochote.

Jinsi chuma kinavyoliwa si kama watu wengi wanavyodhani. Ulick Evans, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alilionyesha jambo hilo katika miaka ya 1920 kwa jaribio ambalo shule yoyote ya sekondari inaweza kulirudia. Tone la maji ya chumvi huwekwa juu ya kipande cha chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, kisha huachwa. Mtu angetazamia kuona chuma kikiliwa ukingoni mwa tone, ambako hewa hufika kwa urahisi. Kumbe chuma huliwa katikati, ambako oksijeni ni haba, nayo kutu hutanda kama pete kulizunguka shimo hilo. Tone zima limekuwa betri ndogo. Katikati chuma hutoa elektroni na kuyeyuka. Ukingoni oksijeni huzipokea elektroni hizo. Na umeme hupita baina ya sehemu hizo mbili kwa njia ya chuma chenyewe na ya maji ya chumvi.

Tope lililoganda ndani ya tao la gurudumu ni tone hilo hilo, ila lenyewe halikauki upesi. Hewa haifiki chini yake, na hapo ndipo chuma kinapochimbwa. Udongo mwekundu wa Kilimanjaro, ambao ni neema kwa mgomba na mbuni, hunata chini ya gari kama ugali sufuriani, na kwenye barabara za vijijini wakati wa masika gari hupata tabaka jipya kila siku juu ya tabaka la jana. Tena mlima wenyewe una hali zake. Mji wa Moshi uko kwenye kimo cha mita 800 hadi 900 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali vijiji vya juu hufika karibu na mita 1,800, kwenye mpaka wa msitu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda, na upande wa kusini mvua huongezeka sana: mjini haifiki milimita 1,000 kwa mwaka wa kawaida, na msituni huzidi 2,000. Gari lililolala Kibosho katika ukungu huteremka asubuhi likiwa na mabati ya baridi, nayo hewa ya tambarare yenye mvuke hugeuka umande ndani ya milango na ndani ya mihimili ya chesisi, mahali ambapo hakuna mtu anayepafuta.

Kuna adui mwingine aliye mbaya kuliko maji, naye ni chumvi. Chuma kikavu kilicho safi hukaa salama mpaka unyevu wa hewa ukaribie asilimia 60; chuma chenye chumvi hupata kutu hata katika hewa iliyo kavu kuliko hiyo, maana chumvi huvuta mvuke. Malori yanayofika Tanga na Dar es Salaam hurudi na upepo wa bahari katika kila upenyo. Mengine hupakia mbolea, mengine mifugo, mengine samaki. Hata gari dogo lisilowahi kuiona Bahari ya Hindi laweza kuwa lilifika Moshi likiwa na chumvi yake tayari, kwani katika mikoa ya kaskazini ya Japani, kama vile Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Mnunuzi hutazama viti na redio. Chini ya sakafu hatazami.

Chumvi hiyo hushuka mpaka kwenye kitako cha vishimo vya kutu, na hapo hufanya kazi pasipo kwisha. Msasa hupita juu yake, brashi ya waya hupita juu yake, na jicho huona chuma cheupe. Kumbe ndani ya kishimo kisichozidi ukubwa wa kichwa cha sindano chumvi imebaki. Rangi ikipakwa, mvuke hupenya pole pole, kwa kuwa hakuna rangi isiyopitisha mvuke kabisa, na betri ya Evans huanza tena gizani. Kutu mpya huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na hata zaidi ya hapo, kwa hiyo huisukuma rangi kutoka chini. Ngozi yote ya rangi ya gari, tangu tabaka la kwanza hata la mwisho, ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Haiwezi kuzuia msukumo huo, iwe ya bei rahisi au ya bei ghali.

Sasa yafaa kutazama yanayofanyika katika gereji za wazi pembezoni mwa mji. Mafundi wa bodi wa Moshi ni hodari. Mlango uliokunjwa kama karatasi huunyoosha kwa nyundo mpaka mtu asijue ulipogongwa. Lakini penye kutu, kazi huwa ya haraka. Sehemu iliyooza hukwanguliwa juu juu, tundu huzibwa kwa puti, puti husuguliwa kwa msasa wa maji, na jioni hiyo hiyo praima hupulizwa. Puti ina unga mwingi wa jiwe laini ndani yake, na ikisuguliwa kwa maji hunyonya maji hayo kama sponji. Fundi aliyeipaka juu ya kutu kisha akaifunika ikiwa mbichi ameifungia kutu chakula chake ndani. Puti ina mahali pake: ni kwa kusawazisha mabonde madogo juu ya chuma kilicho safi na kizima. Tundu hudai kukatwa mpaka kwenye chuma kizuri na kuchomelewa kiraka cha bati.

Wapo wanaosafisha chuma kwa petroli kabla ya kupuliza rangi. Petroli huacha utando wa mafuta, tena karakana ngapi zimeungua kwa sababu yake. Wapo wanaotumia maji ya betri, yaani asidi ya salfuri, ili kula kutu kwa haraka. Kutu huondoka kweli, lakini salfeti hubaki katika vishimo na hufanya kazi ile ile ya chumvi, na baada ya miezi michache mahali palipooshwa kwa asidi hiyo huwa pabaya kuliko pengine pote. Macho na mikono ya fundi ni suala jingine. Na lipo zoea la kupaka chesisi oili chafu iliyomwagwa kutoka injini. Zoea hili haliwezi kudharauliwa lote, kwa maana mafuta huyafukuza maji. Ila oili hiyo hulainisha na kuvimbisha mipira ya gari, hukusanya vumbi likawa tope jeusi, hudondoka kwenye udongo na mifereji, na siku mwenye gari anapotaka kupaka rangi ya kweli, hakuna rangi itakayoshika mahali hapo.

Kazi iliyo sahihi haina siri, ila ina mpangilio usiokubali kurukwa. Gari huoshwa kwanza, chini kabla ya juu, kwa maji mengi yasiyo na chumvi, mpaka tope lote la matao na mihimili limetoka. Mafuta huondolewa kabla ya kusugua, kwani msasa ukipita juu ya mafuta huyasukumiza ndani ya chuma. Kisha kutu iliyoinuka hugongwa na kukwanguliwa, na iliyobaki husagwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Baada ya hapo huja hatua ambayo karibu kila fundi huiruka: chuma huoshwa tena kwa maji safi na kusuguliwa kwa brashi ngumu ili chumvi ya vishimoni itoke, na papo hapo hukaushwa kwa vitambaa na kwa upepo wa kompresa. Chuma kitupu kikiachwa usiku mmoja katika hewa ya Machame, asubuhi hukutwa na utando wa rangi ya chungwa. Kwa hiyo praima hupakwa siku ile ile, na yafaa chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Fundi asiye na kipimajoto aweza kufuata kanuni iliyo rahisi: kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku ya jua, bati likiwa vuguvugu mkononi. Wakati wa ukungu wa Juni na Julai gari la mlimani literemshwe mjini likapakwe rangi huko. Mwezi wa Aprili yafaa liachwe.

Praima yenye zinki hutajwa sana madukani, na ni nzuri, kwa sababu zinki hukubali kuliwa mahali pa chuma, kama inavyofanya kwenye mabati ya nyumba. Lakini zinki lazima iguse chuma. Ikipakwa juu ya kutu haigusi chochote na fedha imepotea. Praima ya zamani yenye risasi nyekundu iachwe kabisa, na vumbi la rangi za zamani lisivutwe puani, maana risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto, na watoto huzungukazunguka katika karakana nyingi.

Kuna mahali pasipofikika kwa msasa: ndani ya kunjo, nyuma ya bawaba, kwenye maungio. Hapo ndipo dawa za kugeuza kutu zinapofaa. Nyingine hutumia asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma. Nyingine hutumia tanini, na hii kila nyumba ya Kilimanjaro inaijua ingawa si kwa jina. Kisu cha chuma cha kawaida kinachomenya ndizi mbichi huwa cheusi, na weusi huo hautoki kwa maji. Utomvu wa ndizi una tanini, tanini imeshika chuma, na mwungano wao ni mweusi, haukubali kuyeyuka. Dawa ya kutu ya aina hiyo hufanya jambo lile lile kwa kipimo kikubwa zaidi: huishika kutu nyembamba iliyobaki na kuigeuza utando mweusi uliotulia, ambao praima huweza kuushika. Haifanyi muujiza. Kutu nene yenye magamba haigeuki ila kwenye ngozi ya juu, na chini yake mambo huendelea kama kwanza.

Linalosikitisha ni kwamba dawa hizo huagizwa kutoka nje, ilhali tanini ni zao la nchi. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya kukamua tanini katika magome ya miwati, na zao hilo hujulikana kwa watengenezaji wa ngozi hata ng'ambo. Kutoka unga wa miwati hadi dawa ya kutu si mbali. Tanini, maji, kiasi kidogo cha asidi ya fosfori na gundi ya rangi ndiyo mambo makubwa yanayohitajika. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na TIRDO mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda. Kazi kama hii ingewafaa wote wawili, na ingezaa bidhaa ambayo fundi angeinunua kwa lita, dukani, kwa shilingi.

Hata hivyo dawa pekee haitoshi, kwa kuwa tatizo kubwa liko katika mapatano ya bei. Mteja hufika na kuuliza gari zima ni kiasi gani. Hutaja rangi anayoitaka, na hulinganisha fundi huyu na yule kwa kiasi cha fedha na idadi ya siku. Fundi anayetaka siku nne za kuosha, kukata na kukausha huonekana mvivu. Anayemaliza kwa siku mbili huonekana hodari. Katika hali hiyo si haki kumlaumu fundi kwamba hajui. Wengi wanajua vema kabisa kwamba puti waliyoipaka itavimba, ila hakuna aliyekubali kuwalipa kwa kazi isiyoonekana. Bei ingepasuliwa mara mbili: ya kuandaa chuma, na ya kupaka rangi. Na mwenye gari angeitwa kulitazama gari lake likiwa tupu, kabla ya praima, aone mwenyewe yaliyopo na alipe sehemu ya kwanza hapo hapo. Wasweden walitatua tatizo la kubishana juu ya usafi wa chuma kwa picha: kanuni yao ya mwaka 1967 ilikuwa na picha za rangi za chuma chenye kutu cha daraja mbalimbali, kabla na baada ya kusafishwa, na baadaye ikawa msingi wa kanuni ya kimataifa inayoitwa ISO 8501-1. Picha kama hizo zikitundikwa ukutani katika gereji na katika madarasa ya VETA, fundi na mteja wangekuwa na kitu kimoja cha kunyooshea kidole.

Jambo hili huwa zito zaidi linapofika kwenye chesisi. Land Rover za kwanza, zilizotoka mwaka 1948, zilipewa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo sababu bodi zake hudumu mlimani kizazi baada ya kizazi, na ndiyo sababu hudanganya. Chesisi yake ni ya chuma, imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani, na huoza kuanzia ndani, huku juu yake mabati yakibaki mazima. Tena palipogusana aluminiamu na chuma, maji yakiwapo, betri nyingine huzaliwa, na unga mweupe huonekana kwenye maungio. Gari kama hilo likipulizwa rangi hupendeza kupita kiasi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe katika hali inayofaa kwa usalama, na kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama magari hukaguliwa. Ukaguzi huo ungepata maana kubwa zaidi kama mkaguzi angelala chini ya gari akiwa na nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito isiyoitika, na bisibisi huzama. Mabomba ya breki nayo yatazamwe pale yanaposhikwa na vibanio, maana tope hujificha hapo, na bomba lililoliwa haliwezi kutambulika kwa dereva mpaka siku atakapokanyaga breki kwa nguvu kwenye mteremko.

Yote yaliyotajwa hapa yaweza kupimwa mlimani penyewe kwa gharama ndogo. Vipande vya bati la gari kuukuu vyenye kutu vikatwe kwa ukubwa mmoja. Baadhi vipakwe rangi juu ya kutu, baadhi visuguliwe tu, baadhi visuguliwe na kuoshwa, na baadhi vipewe tanini ya miwati. Kila kipande kichorwe mkwaruzo mmoja kwa msumari mpaka kwenye chuma, kisha seti moja itundikwe kwenye tambarare karibu na mashamba ya miwa ya TPC, nyingine mjini, nyingine Marangu, na nyingine kwenye ukingo wa msitu. Shule nne za sekondari zingeweza kuvitunza. Kila mwisho wa mwezi wanafunzi wangepima kwa rula upana wa kutu iliyotambaa kutoka kwenye mkwaruzo na kuuandika daftarini, na baada ya masika mawili madaftari hayo manne yangewekwa mezani mbele ya mafundi wa Moshi.